Jina Lako, Tangazo la Mwenzako

Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, mkoani Geita, akipata mgawo mzuri wa dhahabu, fedha yote haifiki nyumbani. Sehemu yake hurudi kazini: pampu ya kutoa maji kwenye duara (shimo la kuchimbia), kompresa, vipuri vya karasha (mashine ya kusagia mawe), au ditekta, kile kifaa cha kusaka dhahabu iliyofukiwa ardhini. Zamani angeuliza wenzake, kisha apande gari kwenda Katoro, Kahama au Mwanza kuzunguka madukani. Siku hizi anaanza na simu. Anaingia Google na kuandika jina aliloambiwa na wenzake, tuseme Minelab, kampuni ya Australia ambayo ditekta zake zinafahamika katika machimbo mengi ya Afrika.

Kitakachotokea juu kabisa ya ukurasa huenda kisiwe tovuti ya Minelab. Yanaweza kutangulia matangazo ya kulipiwa, na moja kati ya hayo likawa la muuzaji wa ditekta za chapa nyingine kabisa. Mchimbaji hakuitaja chapa hiyo. Amekutana nayo kwa sababu kuna mtu amelipa ili tangazo lake litokee kila jina la mpinzani wake linapoandikwa.

Mwenye jina akiliona jambo hilo, neno la kwanza kumtoka ni “wizi”. Lalamiko hilo limefikishwa mbele ya majaji Luxembourg, London, New York, New Delhi na Bloemfontein, na wamekuwa wakilijibu kwa miaka mingi sasa. Ukiondoa tofauti ndogondogo, majibu yao yanafanana: kulipia jina la mpinzani ili tangazo lako lionekane si kosa peke yake. Kosa ni kumfanya anayetafuta aamini kitu kisicho kweli. Wafanyabiashara wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Chato, wana kila sababu ya kuujua mpaka huo mapema, kwa kuwa unawalinda waliokwisha kujenga jina na unawafungulia mlango wale ambao bado wanalitafuta.

Mnada wa sehemu ya sekunde

Google ilianzisha huduma ya matangazo ya utafutaji Oktoba 2000 kwa jina la AdWords; tangu 2018 inaitwa Google Ads. Kiini chake ni mnada. Mfanyabiashara anachagua maneno ambayo yakiandikwa tangazo lake litokee. Anataja kiasi cha juu alicho tayari kulipa mtu akilibofya, kisha anachagua eneo: Tanzania nzima, mkoa wa Geita peke yake, au kilomita kadhaa kuzunguka mji wa Kahama. Kila mtu anapoandika neno na kutafuta, mnada unafanyika na kumalizika kabla ukurasa haujafunguka.

Dau kubwa pekee halimpi mtu ushindi. Google hupima pia ubora wa tangazo: kama watu wana mwelekeo wa kulibofya, kama linahusiana na kilichotafutwa, na kama ukurasa anaopelekwa mteja una kile alichokifuata. Mtangazaji halipi chochote mpaka tangazo libofywe.

Maneno yanayochaguliwa yanaweza kuwa ya kila siku, kama “bei ya karasha” au “pampu ya maji Geita”. Yanaweza pia kuwa jina la biashara ya mtu mwingine, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Mwaka 2004 Google iliruhusu nchini Marekani na Canada matangazo yaitwe kwa alama za biashara za watu wengine. Mwaka 2008 ikafanya hivyo Uingereza na Ireland, na 2009 utaratibu ukaenea katika nchi zaidi ya 190. Mwenye alama akilalamika kwamba jina lake limenunuliwa na mpinzani kama neno la kuitia tangazo, Google haiingilii. Jina hilo likiandikwa ndani ya tangazo lenyewe, mahali mteja anapolisoma, mwenye alama anaweza kulalamika na Google ikamzuia mtangazaji kulitumia, isipokuwa katika mazingira maalumu kama ya muuzaji wa bidhaa halisi ya chapa hiyo au wa vipuri vyake.

Kwa hiyo jina lina sehemu mbili za kusimama. Linaweza kukaa nyuma, mahali mteja asipoliona, likifanya kazi ya kuita tangazo tu. Linaweza pia kukaa mbele, katika kichwa au maelezo ya tangazo. Sehemu kubwa ya kesi zilizofika mahakamani inaeleweka mtu akishika tofauti hiyo moja.

Gharama nayo ina pande mbili. Anayelipia jina la mwenzake kwa kawaida hutozwa zaidi kwa kila mbofyo, kwa sababu ukurasa wake hauhusiani sana na jina lililotafutwa. Hata hivyo mwenye jina naye huingia mfukoni: akitaka kukaa juu ya mpinzani, itambidi alipie tangazo kwa jina lake mwenyewe. Kuna wakati fedha hiyo hupotea bure. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na eBay walizima matangazo ya kampuni hiyo yaliyokuwa yakiitwa kwa jina la eBay, na matokeo yao, yaliyochapishwa 2015, yalionyesha kuwa asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ilirudi kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Waliotafuta eBay walifika eBay. Biashara changa yenye duka moja Masumbwe haina uhakika huo, maana mteja wake anaweza kuchukuliwa na tangazo la kwanza atakaloliona.

Zaidi ya hayo, si kila tangazo linalotokea chini ya jina la mwingine limenuiwa. Mtangazaji anaweza kuchagua Google ioanishe maneno yake kwa upana, na mfumo wenyewe ukaamua kwamba mtu aliyeandika jina la karasha fulani anatafuta karasha, hivyo ukamwonyesha tangazo la karasha nyingine. Mtangazaji huyo anaweza asijue kabisa. Ndiyo maana Google Ads ina orodha ya maneno ya kuzuia, ambamo mtu huandika majina asiyotaka tangazo lake liyaitikie. Ugomvi mwingi kati ya wafanyabiashara wanaofahamiana ungeweza kwisha kwa simu moja na kujaza orodha hiyo.

Stendi na skrini

Abiria anafika stendi ya Kahama na kutaja jina la basi analotaka kupanda kwenda Mwanza. Mpiga debe wa basi jingine anamwahi: “Na sisi tunaondoka sasa hivi, kaka, siti zipo.” Abiria amesikia, ameona basi ni lipi, atachagua mwenyewe. Mpiga debe wa pili anamwambia, “Ndilo hili,” kisha anampakia mzigo kwenye basi ambalo silo. Wa kwanza ameshindana, wa pili amedanganya. Mahakama zimelifuata wazo hilohilo, isipokuwa abiria wa mtandaoni anasoma kioo kidogo cha simu, kwa sekunde chache, na mabasi yote mbele yake yana rangi moja.

Uamuzi uliofungua njia Ulaya ulitolewa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, tarehe 23 Machi 2010. Kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilikuwa imegundua kwamba mtu akitafuta jina lake, yanatokea matangazo ya tovuti zinazouza mifuko ya kuiga. Majaji walisema Google, kwa kuhifadhi maneno na kuonyesha matangazo, haitumii alama ya biashara kwa maana ya sheria. Anayeitumia ni mtangazaji. Naye anakosea pale tangazo linapomwacha mtumiaji wa kawaida, aliye makini kiasi, asijue au ajue kwa shida kama bidhaa ni za mwenye alama, za mtu mwenye uhusiano naye, au za mtu mwingine kabisa.

Marekani ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliiruhusu kampuni ya kukarabati kompyuta, Rescuecom, iendelee na madai dhidi ya Google, ikisema kuuza jina la mtu kama neno la tangazo ni matumizi ya alama katika biashara. Hata hivyo bado mlalamikaji alipaswa kuthibitisha kuwa wateja walichanganywa. Oktoba 2024 mahakama hiyohiyo iliitupa kesi ya 1-800 Contacts, muuzaji wa lenzi za macho, dhidi ya Warby Parker iliyokuwa imelipia jina lake. Tangazo na ukurasa vilionyesha wazi jina la Warby Parker, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa.

Mahakama Kuu ya Delhi, tarehe 10 Agosti 2023, iliongeza jambo. Mlalamikaji alikuwa kampuni ya kuhamisha mizigo ya nyumbani, Agarwal Packers and Movers. Majaji walikataa hoja kwamba Google ni mtazamaji tu, kwa kuwa inashiriki na kunufaika katika mpango wa matangazo. Lakini walisema vilevile kuwa kutumia alama kama neno la kuitia tangazo, bila kumchanganya mtu, hakuvunji haki ya mwenye alama.

Uzio wa Afrika Kusini

Kwa msomaji wa ukanda wa dhahabu, kesi yenye mengi ya kufundisha ilitoka Afrika Kusini, na ilihusu bidhaa inayofahamika katika maeneo ya migodi: uzio. Kampuni ya Cochrane Steel Products inatengeneza uzio wa nyavu za chuma zenye matundu madogo kiasi kwamba vidole havipati pa kushika, na inauuza kwa jina la ClearVu. Mshindani wake, M-Systems, alilipia neno ClearVu kwenye Google. Aliyeandika jina hilo akaona na tangazo la M-Systems.

Cochrane ilikwenda mahakamani na mzigo mmoja mzito: wakati huo jina ClearVu lilikuwa halijasajiliwa kama alama ya biashara. Kwa hiyo haikuweza kudai kuvunjwa kwa haki ya alama iliyosajiliwa. Ilidai kwamba mpinzani anauza bidhaa zake kwa kuwafanya watu waamini ni za Cochrane, na ikaomba mahakama itambue kosa jipya, la kuegemea jina na sifa za mwingine ili kupata wateja.

Mahakama ya Rufaa ya Bloemfontein ilitoa uamuzi tarehe 27 Mei 2016, na Cochrane ikashindwa katika hoja zote mbili. Tangazo la M-Systems halikuwa na neno ClearVu popote. Neno lilikaa nyuma, mteja hakuliona, na anayetafuta mtandaoni anajua kwamba ukurasa wa matokeo una matangazo ya watu mbalimbali. Kumweka mteja mbele ya chaguo la pili, walisema majaji, ni sehemu ya ushindani. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini mahakama za nchi hii huwa zinatazama maamuzi ya nchi za Jumuiya ya Madola, na wakili anayetafuta mfano wa Kiafrika ataanzia hapo.

Wakala au mpinzani?

Kuna mazingira ambamo hata tangazo lisilotaja jina la mtu linaweza kudanganya. Interflora ni mtandao wa maduka ya maua yanayojitegemea. Mteja anaagiza maua mahali pamoja, duka mwanachama lililo karibu na mpokeaji linayapeleka. Mwaka 2008, Google ilipolegeza masharti Uingereza, kampuni kubwa ya Marks & Spencer ililipia neno “Interflora” kutangaza huduma yake ya maua. Kesi ilipita Luxembourg, ambako uamuzi ulitolewa Septemba 2011, ikarudi London, na mwaka 2013 jaji wa Mahakama Kuu akaona Marks & Spencer imekosea. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya.

Ugumu ulitokana na jinsi Interflora inavyofanya kazi. Kama maduka mengi yenye majina tofauti ni wanachama wa mtandao mmoja, mteja akiandika jina la mtandao na kuona tangazo la duka fulani, anaweza kudhani kwa haki kabisa kwamba duka hilo ni mwanachama.

Sasa mtu atazame jinsi mashine zinavyouzwa Geita na Shinyanga. Jenereta, pampu, pikipiki, kompresa na ditekta hazimfikii mchimbaji kutoka kiwandani. Zinapitia kwa mawakala, na wakala ana jina lake la duka, tofauti na jina la chapa. Mtu akitafuta chapa ya kompresa akaona duka la Katoro limetokea juu, wazo la kwanza litakuwa kwamba duka hilo ni wakala wa chapa hiyo. Muuzaji hajasema uongo wowote, lakini ukimya wake unaweza kumpotosha mteja. Hapa ndipo wafanyabiashara wa ukanda huu wanapokuwa karibu zaidi na kosa, wengi wakiwa hawana nia mbaya hata kidogo.

Huyo “mtumiaji wa kawaida aliye makini kiasi” wa majaji wa Ulaya naye anahitaji kutazamwa upya. Google hutenganisha tangazo na matokeo ya kawaida kwa neno dogo juu yake. Katika simu iliyowekwa Kiingereza, tangu Oktoba 2022 neno hilo ni “Sponsored”, na kabla ya hapo lilikuwa “Ad”. Mtu aliyezoea ununuzi wa mtandaoni anaelewa mara moja. Mchimbaji mwenye kioo kilichopasuka, jua la saa saba likimpiga, anayesoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kwa shida, anaweza kupita juu ya neno hilo bila kuliona. Jaji wa Tanzania atakayepelekewa kesi ya namna hii atatenda haki akimfikiria mnunuzi wa bidhaa inayogombaniwa, mahali anapoinunulia, kabla ya kuazima kipimo cha Ulaya.

Cheti cha jina si alama

Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, iliyotungwa 1986. Msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na maombi yanapokelewa kwa njia ya mtandao, hivyo mtu wa Ushirombo hahitaji kusafiri hadi Dar es Salaam. Zanzibar ina sheria na msajili wake. Aliyesajili Bara pekee hajalindwa Visiwani.

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba aliyesajili jina la biashara au kampuni amesajili pia alama. BRELA inafanya kazi zote hizo, lakini ni usajili tofauti chini ya sheria tofauti. Cheti cha jina la biashara kinaeleza nani anafanya biashara kwa jina gani. Usajili wa alama ndio unaompa mtu haki ya kuwazuia wengine wasitumie alama inayofanana na yake kwa bidhaa au huduma zilizotajwa, kwa namna inayoweza kuwachanganya wanunuzi. Mwenye cheti cha kwanza tu anaweza kujikuta mahali ilipokuwa Cochrane: ana jina linalojulikana, ana wateja, na silaha yake ni hafifu.

Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma. Mashine kama karasha ziko daraja la 7, ditekta na vifaa vya kupimia daraja la 9, vito na madini ya thamani daraja la 14, huduma za matengenezo daraja la 37. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10.

Si kila jina linasajilika. Maneno yanayoeleza bidhaa yenyewe, au mahali inapotoka, yanabaki kuwa ya wote. Hakuna anayeweza kumiliki “karasha”, “dhahabu” au “Geita” na kuwazuia wengine wasilipie maneno hayo kwenye Google. Mfanyabiashara aliyeliita duka lake kwa maneno matatu ya kawaida ataona wapinzani wakitokea kila mteja anapomtafuta, na hatakuwa na la kusema. Jina la kubuni, lisiloeleza bidhaa, linachukua muda kuzoeleka lakini linalindika vizuri zaidi.

Kwa tangazo linalopotosha, kuna njia nyingine za kisheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kuvunja haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine. Na asiye na usajili bado anaweza kumshtaki anayeuza bidhaa kwa kujifanya ni yeye, ila atatakiwa kuthibitisha kwamba jina lake lina sifa kwa wateja, kwamba mdaiwa amewapotosha, na kwamba yeye amepata hasara.

Pale jina linapotumika kuibia

Ushindani wa halali usichanganywe na utapeli, ingawa vyote viwili huanza na jina la mtu mwingine. Kampuni ya Codan, mmiliki wa Minelab, ilipata pigo lililoanzia kwenye kompyuta ya mfanyakazi wake iliyodukuliwa mwaka 2011 akiwa hotelini China. Michoro ya ditekta ikaibwa, na nakala bandia zenye jina la Minelab zikamwagika katika soko la Afrika. Faida ya Codan ilishuka kutoka dola milioni 45 za Australia hadi milioni 9.2 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2014. Kwa mchimbaji aliyenunua bandia, hasara ni ya kuchimba na kuchimba mahali ambapo kifaa kimelia bure, au kupita juu ya dhahabu kifaa kikiwa kimya.

Majina ya migodi nayo yanatumiwa vibaya. Matangazo ya kazi ya Geita Gold Mining, mgodi wa AngloGold Ashanti ulioanza kuzalisha mwaka 2000, huambatana na onyo kwamba kampuni haipokei fedha ili kumpa mtu ajira. Kijana anayetafuta ajira za mgodi mtandaoni anaweza kukutana na kurasa zilizoazima jina hilo, na kulisoma onyo hilo kunaweza kumwokolea akiba ya familia. Anayeomba “hela ya fomu” kwa jina la mgodi hashindani na mtu. Huyo anapelekwa polisi.

Nafasi ya asiye na jina

Ingekuwa rahisi kusema majina yote yafungwe, asiyehusika asiyaguse. Uamuzi huo ungewaumiza watu wengi wa Kanda ya Ziwa. Kanuni za 2018 za ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka migodi iwape kipaumbele wazawa katika manunuzi ya bidhaa na huduma. Fundi wa Kahama anayetengeneza pampu kwa bei nafuu hana fedha ya mabango wala safari za maonyesho. Akiweza kuonekana pembeni ya jina kubwa, akilipa pale tu tangazo linapobofywa, afisa manunuzi atalinganisha bei, na mchimbaji naye atalinganisha. Bei hushuka mahali ambapo mnunuzi anaona zaidi ya duka moja.

Marekani imelipitia jambo hilo pia. Hiyohiyo 1-800 Contacts ilikuwa imefunga mikataba na wapinzani zaidi ya kumi, wakikubali kutolipia majina ya wenzao. Mwaka 2018 tume ya ushindani ya nchi hiyo ilisema mikataba hiyo inawanyima wateja nafasi ya kulinganisha bei. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 2021, lakini hoja ya tume inabaki na uzito kwa yeyote anayemjali mnunuzi: jina likilindwa kupita kiasi, gharama inamwangukia yeye.

Kwa mwenye jina, kazi ya kufanya inajulikana. Asajili alama katika daraja sahihi. Kila baada ya muda alitafute jina lake mwenyewe kwenye simu ambayo si yake, akiwa Geita, Kahama na Shinyanga mjini, kwa sababu matangazo hutofautiana kwa eneo. Akiona jina lake limeandikwa ndani ya tangazo la mwingine, apige picha ya skrini inayoonyesha tarehe, maneno aliyotafuta na anwani ya ukurasa, kisha ajaze fomu ya malalamiko ya alama za biashara ya Google. Tangu Julai 2023 zuio hutolewa dhidi ya watangazaji waliotajwa katika malalamiko, kwa hiyo asiyetaja majina yao hatasaidiwa. Kama jina lake halimo ndani ya tangazo, aangalie kama mteja wake anaweza kupotoshwa na kilichoandikwa, hasa kuhusu uwakala. Hapo wakili na FCC wana kazi.

Kwa anayelipia jina la mpinzani, usalama uko kwenye maandishi. Jina la duka lake likae katika kichwa cha tangazo. Jina la mpinzani lisiwemo. Chapa anayoiuza itajwe waziwazi, na kama mtandao wa mawakala wa mpinzani ni mkubwa, aongeze maneno machache kwamba yeye si wakala wa kampuni nyingine. Ukurasa anakopelekwa mteja uonyeshe mahali duka lilipo, bei au njia ya kuulizia bei, na picha ya bidhaa yenyewe. Muuzaji wa Katoro aliyeandika hivyo ataweza kumwonyesha tangazo lake jaji, mpinzani na mchimbaji wa Rwamgasa, na wote watatu wakasoma kitu kilekile.